Maji ya Gari

Fundi aliingiza kidole cha shahada katika shimo la bloku, ule mwili wa chuma wa injini, pale inapokaa wota pampu, yaani pampu ya maji, akakizungusha taratibu kama mtu anayepangusa sufuria. Alipokitoa kilikuwa kimejaa tope la rangi ya kutu, na ndani ya tope mlikuwa na chembe zinazometameta. Akanionyesha bila kusema neno. Kisha akawasha tochi ya simu. Upande wa chini wa shimo lile palikuwa na kovu jipya, jeupe, lililopinda kama mwezi mwandamo. Upana wake haukufika upana wa kidole. Chuma kilichokaa pale tangu 1964 hakikuwepo tena, kilikuwa kwenye kidole chake.

"Pampu utanunua, mwanangu," ndipo aliposema. "Hii ni bloku."

Gari ni Morris Minor la ami yangu, la milango minne, rangi ya kijivu iliyofifia, injini ya cc 1098. Ami alilinunua mkono wa pili alipokuwa karani bandarini Kilindini, nami nimelipanda tangu sijui kujifunga viatu. Alipofariki nilipewa mimi, kwa sababu katika watoto wote wa nyumba ile ndiye niliyekuwa nikikaa naye Jumapili asubuhi chini ya boneti, nikimshikia taa. Nilidhani nimejifunza gari. Nilikuwa nimejifunza kushika taa.

Kwa wasioyajua magari haya: Minor ilioneshwa kwa mara ya kwanza London mwezi Oktoba 1948, kazi ya Alec Issigonis, yule yule aliyekuja kubuni Mini. Ukilitazama boneti utaona ukanda bapa umepita katikati. Issigonis aliona gari limekuwa jembamba, akaamuru mfano wake ukatwe katikati na nusu mbili zitenganishwe kwa inchi 4, ndipo likamridhisha macho. Ukanda ule ndio alama ya mkato. Kufikia Desemba 1960 zilikuwa zimetengenezwa Minor milioni moja, na hakuna gari la Uingereza lililowahi kufika hapo kabla yake. Injini yake ni ya ukoo ambao BMC, kampuni iliyounganisha Morris na Austin, waliuita A, ukoo ulioanza na Austin A30 mwaka 1951 na kuendelea katika Mini hadi mwaka 2000. Ndiyo maana vipuri vyake bado vinapatikana. Pampu mpya ya maji unaagiza leo na inakuja. Bloku ni jambo jingine. Bloku nzima iliyobaki duniani ni ile ambayo mtu fulani hakuiua.

Nyumbani kwa ami, Tudor, palikuwa na pipa. Lilikaa chini ya mlizamu wa bati, limefunikwa kwa ubao, na juu ya ubao jiwe la tumbawe. Anayeijua Mombasa anajua habari ya maji yetu: mfereji hukauka siku tatu, siku nne, na watu wakabaki kungoja mkokoteni wa mitungi. Hata katika siku hizo hakuna aliyethubutu kuchota kutoka pipa lile, si kwa kufulia, si kwa kuogea. "Hayo ni maji ya gari!" Bi Mkubwa, mke wa ami, alikuwa akitukemea akiona tu mtoto amesimama karibu na lile jiwe. Tulikuwa tukicheka pembeni. Nyumba haina maji, gari lina maji yake.

Nilipopewa funguo, kitu cha kwanza nilichofanya ni kufungua kifuniko cha rejeta. Ndani yake niliona maji meupe. Meupe kabisa, kama tui la kwanza. Moyo ulinipasuka, maana hilo kila mtu analijua: maji ya rejeta yakigeuka maziwa, oili imeingia, gasketi ya hedi imekwenda. Nikamwita kijana mmoja fundi wa pale karibu, naye akatikisa kichwa vile vile. Tukamwaga yote chini. Tukaingiza mpira wa bomba, tukasukuma mpaka maji yakatoka safi. Tukafungua silinda hedi. Gasketi ilikuwa nzima, haina doa. Tukatia mpya kwa kuwa tulikuwa tumeshafungua, tukafunga, nikajaza maji ya kisima, nikajiona nimeliokoa gari la marehemu.

Sikumuuliza Bi Mkubwa kitu. Alikuwa kwenye eda, na wala haikunijia kwamba mwanamke ambaye hajawahi kushika spana angekuwa na neno la kunieleza.

Sasa maji ya kisima cha Mombasa ni maji gani? Kisiwa chetu kimekaa juu ya mawe ya matumbawe. Maji ya kisima yamepenya kwenye chokaa hiyo, yameiyeyusha kidogo kidogo na kuibeba, na bahari nayo inasukuma chumvi kutoka pembeni. Hakuna haja ya maabara, fungua birika la chai la nyumba yoyote inayochemshia maji ya kisima. Ule ukoko mweupe uliogandamana chini ndio ninaouzungumzia. Ndani ya injini hali ni ile ile, ila birika hili lina moto unaowaka kutwa, na kuta zake ni chuma cha kusubu ambacho chumvi inakipenda. Ukoko hukaa kwenye kuta za silinda na kuzuia joto lisitoke kwenda kwenye maji. Chini yake chuma huendelea kuoza. Kutu inabanduka, inazunguka na maji kama mchanga.

Na mchanga huo lazima upite kwenye pampu.

Pampu ya injini hii ni kitu kidogo, unakishika kwa kiganja kimoja. Ina shafti moja inayopita kwenye beringi. Mbele ya shafti kuna puli, na feni imefungwa hapo hapo kwenye puli. Nyuma yake kuna impela, gurudumu dogo lenye mapezi, ndilo linalosukuma maji. Katikati kuna sili yenye pete ya kaboni, inayotenganisha maji na beringi. Pampu nzima inafungwa mbele ya bloku kwa bolti 4, na hapa ndipo penye siri ya kovu langu: impela haizunguki ndani ya nyumba yake yenyewe. Inazunguka ndani ya shimo lililosubiwa kwenye bloku. Ukuta wa pampu ni injini yenyewe. Nafasi baina ya mapezi na chuma kinachoyazunguka ni ndogo sana, maana ikiwa kubwa maji yanarudi nyuma badala ya kusukumwa.

Kwa hiyo pampu inapochakaa, inachakaa hivi. Chembe za kutu zinasugua pete ya kaboni. Sili inapoteza uso wake, tone linapita. Waliobuni walilijua hilo, wakaacha kitundu chini ya mwili wa pampu ili tone lidondoke nje lisiingie kwenye beringi. Kitundu hicho ni cha kukupa habari. Nimewahi kuona watu wakikiziba kwa gundi, wakafurahi kwamba pampu imepona. Maji yakikosa njia yanaelekea kwenye beringi, yanaosha grisi, beringi inaanza kutu, shafti inapata mchezo. Shafti ikiwa na mchezo, feni inayumba, na uzito wa feni unaongeza mchezo. Na nyuma, gizani, ncha za mapezi zinaanza kugusa bloku.

Pampu za zamani za injini hizi zina kiskrubu ubavuni, unakifungua unatia grisi. Kitabu cha BMC kilionya kwamba grisi isiingizwe kwa kusukumwa na bomba la grisi, maana itapita beringi na kutua kwenye uso wa ile pete, na sili haitashika tena. Nalitaja kwa sababu mimi nilisukuma. Nilimwona ami akitia grisi pale. Sikumwona kwamba alikuwa akitia kwa ncha ya kijiti.

Mwaka wa pili tone lilianza. Asubuhi nilikuta doa kwenye sakafu ya saruji, chini ya pua ya gari, dogo kama sarafu ya shilingi kumi. Nikalipangusa kwa kitambaa. Kila asubuhi nililipangusa, miezi sita au saba, na kila Ijumaa niliongeza nusu lita ya maji ya kisima kwenye rejeta. Leo nikilifikiria hilo la kuongeza ndilo linaloniuma kuliko doa lenyewe. Maji yakiwa yamefungwa ndani, chokaa yake inaganda mara moja na kuisha, na hewa iliyomo inaisha nguvu. Mimi kila wiki nilikuwa nikiletea injini chokaa mpya, chumvi mpya na hewa mpya. Injini hii inabeba karibu lita 5 tu. Hesabu mwenyewe nusu lita kila wiki ni mzigo gani kwa miezi saba.

Kulikuwa na sauti pia, mvumo mdogo gari likiwa limesimama, unaozama ukikanyaga mafuta. Nilidhani ni dainamo. Nikaukaza mkanda wa feni zaidi, kwa kuwa nilifikiri unateleza. Mkanda uliokazwa kupita kiasi unavuta shafti ya pampu upande mmoja saa zote. Hilo nalo nililifanya kwa mikono yangu.

Siku yenyewe tulikuwa tunakwenda Mazeras, msibani. Kutoka Changamwe barabara inaanza kupanda, malori yanajaza njia, unakwenda kwa gia ya pili huku feni haipati upepo wa kutosha. Dashibodi ya Minor haina geji ya joto. Kuna ya petroli, kuna taa ya oili, kuna taa ya chaji, basi. Dereva wa gari hili anajua joto kwa pua. Nilisikia harufu, ile ya chuma na rangi vinavyoungua, na kabla sijapata pa kuegesha mvuke ulikuwa umefunika kioo. Kisha mlio. Si mlio wa kupasuka. Ulikuwa mlio wa kukwaruza, kama jembe kwenye jiwe, ukienda kwa mzunguko, na ulikuwa ukisikika nyuma ya feni. Nilizima.

Watu wa pale ni wema. Kabla sijashuka kijana mmoja alikuwa tayari ameshika ndoo. Na mimi, kwa woga na haraka, nilimruhusu. Usiwahi kumruhusu mtu kumimina maji baridi kwenye injini iliyokauka kwa moto. Chuma cha kusubu hakinyumbuki, kikipozwa ghafla upande mmoja kinapata ufa. Nilisikia kikilia ndani. Nikasimama pale kando ya barabara, na kanzu yangu ya msiba imelowa kutu, nikiwa na hakika nimelipasua gari la ami.

Lilivutwa kwa kamba mpaka Majengo, kwa mzee mmoja ambaye ameshika magari haya tangu yalipokuwa ya kawaida mjini. Nitamwita Fundi tu, hapendi kutajwa.

Lakini kabla ya kumpelekea, nilijaribu mwenyewe nyumbani kutoa pampu. Bolti tatu zilitoka. Ya nne ilikataa, nikaitilia bomba refu kwenye spana, nikavuta. Ilizunguka kwa ulaini wa ajabu, kama inatoka. Ilikuwa inakatika. Kipande kilibaki ndani ya bloku. Nyuzi za bolti zile zinapakana na maji, na kutu ilikuwa imezifunga pamoja na bloku mpaka zikawa chuma kimoja.

Fundi hakunigombeza. Alikipuliza kile kipande, akakidondoshea mafuta ya kulainishia, akakiacha usiku mzima, akarudia kesho yake. Siku ya tatu akaweka nati juu ya kichwa cha kile kipande, akaichomea kwa welding katikati ya tundu la nati, akangoja wekundu upotee. Akaweka spana. Hakuvuta kwa nguvu. Alikuwa akikaza kidogo, akilegeza kidogo, akikaza, akilegeza, kama mtu anayembembeleza mtoto aliyelala aachie kitu mkononi. Kikatoa mlio mmoja mfupi, kikaja. Wengi hutoboa kwa keekee, na keekee ikikosa kati hata kwa milimita moja, nyuzi za bloku zimekwenda. Moto wa welding unakitanua kile kipande na kukibana, kikipoa kinajikunja, na kutu iliyokishika inavunjika. Nilikaa pale nikimtazama siku zote tatu. Sikushika taa, maana alikataa. Alisema nitazame mikono.

Ndipo akatia kidole, na likaonekana lile kovu.

Injini ikashushwa. Kwenye bloku kuna visahani vya chuma vilivyopigwa kwenye matundu ya duara ubavuni. Matundu yale ni ya kutolea mchanga wa kalibu baada ya kusubu. Nchi za baridi huvisifu visahani hivyo kwamba maji yakiganda husukumwa nje na kuiokoa bloku isipasuke, ingawa hilo si tegemeo. Kwetu hakuna kinachoganda. Kwetu visahani huliwa na kutu kutoka ndani. Fundi aligusa cha nyuma kwa ncha ya bisibisi na bisibisi ikapita kama kwenye ganda la yai. Hakuna maji yaliyotoka. Alifungua koki ya kumwagia maji, nyuma ya bloku, hakuna kilichotoka. Akaingiza waya, haukwenda. Injini ilikuwa imeshiba tope.

Tukalitoa kwa kijiko cha chai na waya na subira. Lilijaza karibu nusu ya sufuria ndogo, jekundu, zito, lenye vipande vyeupe vya chokaa kama maganda ya chaza. Karibu lote lilikuwa limezunguka silinda ya 4, ile ya mwisho kabisa nyuma, mbali na pampu, ambako maji huenda polepole na kila kinachoelea hutua. Silinda hiyo ilikuwa haipati maji kabisa, inapikwa kavu. Pistoni yake ilipotoka tuliona michirizi kwenye ukuta wa silinda, mirefu, inayoshikika kwa ukucha.

Hapo ndipo Fundi aliponiuliza, "Ami yako alikuwa akitia nini humu? Maana silinda tatu hizi ukuta wake ni wa mtu aliyeangalia."

Nikamweleza habari ya maji meupe. Aliweka kijiko chini.

"Yalinuka nini?"

Sikukumbuka kama nilinusa.

"Kama tui safi, au kama chai ya maziwa?"

Kama tui, nikasema. Meupe.

Alikaa kimya kitambo, kisha akanieleza, na tangu siku hiyo sijawahi kuisahau sauti yake. Oili ya injini ikiingia kwenye maji haileti tui. Inaleta uji wa rangi ya kahawia, mzito, unaonata kwenye kifuniko. Maji meupe safi ni mafuta ya kukatia chuma, yale wanaomiminia kwenye mashine ya kukereza ili kisu kisiungue. Yameundwa ili yachanganyike na maji, na yakichanganyika yanageuka meupe. Wazee wa karakana za bandari na za reli walikuwa wakiyatia kwenye rejeta, kiasi cha kikombe cha kahawa kwa gari dogo. Yanavika chuma utando, kutu haipati pa kushika, na sili ya pampu inapata ulaini. Yana ubaya wake: mipira ya maji huvimba na kulegea kwa mafuta hayo, lazima uibadilishe mara kwa mara. Na nikakumbuka, ndiyo, ami alikuwa akibadilisha mipira ile kila baada ya muda, nami nilifikiri ni uangalifu wa mzee tu.

Maji ya mvua, yasiyo na chokaa wala chumvi. Kikombe cha kahawa cha mafuta. Karani wa bandari aliyeonyeshwa jambo na watu wa karakana akalishika miaka yote ya maisha yake, nami nikalimwaga mchangani kwa asubuhi moja kwa kuwa nilijua nusu.

Sababu ya watu wa pwani kutotia kulanti, ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta, inaeleweka. Kitu hiki kilikuja na jina la dawa ya barafu, na nani anahitaji dawa ya barafu Mombasa? Hata huko Uingereza wenye magari haya walizoea kuitia majira ya baridi na kuimwaga baridi ikiisha. Lakini ndani ya chupa ile hiyo ya barafu ni kazi moja tu. Kazi nyingine ni dawa ya kuzuia kutu, na hiyo ndiyo tunayoihitaji sisi kuliko mtu yeyote, sisi tunaoishi juu ya chokaa kando ya chumvi.

Ufa. Bado tulikuwa hatujajua kama kuna ufa. Fundi aliisafisha bloku ikabaki chuma kitupu, akaipaka mafuta ya taa kila mahali, akangoja yapenye, akaipangusa ikauka. Kisha akaichua kwa chaki ya shuleni. Ukiwapo ufa, mafuta yaliyojificha ndani yake yanarudi juu na kuchora mstari kwenye chaki. Tulikaa kwenye mabenchi tukaitazama kama watu wanaotazama chungu jikoni. Robo saa. Nusu saa. Chaki ilibaki nyeupe. Nilitoka nje nikasimama uani peke yangu.

Silinda zote 4 zilitanuliwa kwa sehemu 20 kati ya elfu moja za inchi, yaani nusu milimita, na pistoni mpya kubwa zaidi zikaingia. Bloku ile ilikuwa bado na kipimo chake cha kiwandani. Ami hakuwahi kuifungua. Injini hii hutanuliwa hadi sehemu 40 kwa pistoni za kawaida, baada ya hapo ni kutia slivu, yaani bomba jipya la ukuta wa silinda. Nusu ya nafasi yote niliimaliza mimi. Wenye Pijo 404 na 504 wana heshima yao: slivu zao zinachomolewa na kubadilishwa, kutu ikila slivu bloku inabaki. Kwa Morris, silinda ni bloku yenyewe.

Kovu je? Nilitaka lijazwe. Kuna gundi za chuma zinazosifiwa sana, na kuna wanaochomelea. Fundi alikataa yote mawili. Kuchomelea chuma cha kusubu bila kukipasha moto chote ni kukaribisha ufa uleule tuliomshukuru Mungu kuukosa. Gundi ikibanduka siku moja, kipande kinaingia kwenye njia za maji na kuziba pembamba. Kovu lilikuwa na kina cha nusu milimita hivi, na ukuta nyuma yake bado mnene. Akatwaa tupa ndogo, akaipaka chaki ili isizibwe na unga wa chuma, akalainisha kingo tu, akaliacha. Pampu itapoteza nguvu kidogo pale, akasema, si ya kuua. Uso wa mbele, pale gasketi ya pampu inapolala, ulikuwa umeliwa vishimo. Huo aliunyoosha siku nzima.

Pampu mpya ilipofika hakuifunga. Pampu za injini hizi zinafanana kwa nje lakini impela zake hazina kina kimoja, na zipo zenye impela kubwa zaidi kuliko ya zamani. Akamtuma mtoto kwa mama wa chapati. Akalibandika donge la unga kwenye mapezi, akapaka bloku mafuta kidogo unga usigande, akaifunga pampu na gasketi yake, akaizungusha kwa mkono mara moja, akaifungua. Unga ulikuwa umebonyezwa ukawa mwembamba, lakini haukukatika popote. Akaukata kwa wembe akaupima unene. Ndipo akatia bolti, nazo alizipaka kwanza dawa ya kuzuia zisishikwe na kutu tena.

Sasa kila Jumamosi, gari likiwa baridi, nashika bapa la feni juu na chini nalitikisa. Likicheza hata kidogo pampu inatoka, hakuna mjadala. Napitisha kidole chini ya kile kitundu. Mkanda nausukuma kwa gumba katikati ya urefu wake, unyumbuke kiasi cha upana wa kidole au zaidi kidogo. Kifuniko cha rejeta kimebadilishwa, cha kushikilia shinikizo la pauni 7 kwa inchi ya mraba, maana springi ikilegea maji yanachemka kwenye nyuzi 100 badala ya kuvumilia mpaka karibu 110, na povu la mvuke linatafuna chuma cha pampu na cha bloku. Themostati, ile valvu inayozuia maji mpaka injini ipate joto, imerudi mahali pake. Kijana yule alikuwa ameitoa, na ukiitoa kwenye injini hii maji hukimbilia njia ya mkato mbele, silinda ya nyuma inaachwa na kiu. Na nimefunga geji ya joto chini ya dashibodi. Haikuwa ya asili, wapenda asili watanisamehe.

Siku tuliyolirudisha Tudor nilinunua lita 3 za kulanti, nikaenda uani kuomba ndoo. Bi Mkubwa alikuwa ameketi barazani akichambua mchele.

"Umeliletea maji gani?" akauliza.

Nikamwambia nitanunua ya chupa, yale ya betri.

Akaweka ungo chini, akanyanyuka polepole, akaenda penye mlizamu. Jiwe la tumbawe lilikuwa pale pale. Akaniashiria nilitoe. Nikainua ubao, na pipa lilikuwa limejaa pomoni, maji ya masika ya mwaka ule, safi, unaona mpaka chini. Alikuwa akilisugua kila kaskazi ikiisha na kulikinga upya kila mvua, miaka yote mitatu.

"Mbona hukuniambia, Bi Mkubwa?"

"Ulikuwa na fundi wako," akasema, akanipa kata.